Mgeni Asiyepewa Jembe

Waswahili husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mtu asiyefikiri huyadhania maneno hayo kuwa ya kumfukuza mgeni, kumbe ndiyo ya kumpokea. Siku mbili za kwanza mgeni hukirimiwa, hukalishwa mahali pema, huchinjiwa kuku, wala haulizwi kazi. Akipewa jembe siku ya tatu, amekwisha kuwa mtu wa mji. Atatoka jasho pamoja na wenyeji, ataonywa akilima vibaya, na mvua ikikosekana ataona njaa pamoja nao. Basi yafaa kuuliza, je, ni hali gani ya mtu akaaye ugenini miaka mitatu, au kumi, au thelathini, naye angali katika siku yake ya pili? Husifiwa na kuinamiwa kwa heshima, lakini jembe haletewi. Swali hilo huwapata wageni wengi wakaao Japani, na baadhi yao ni vijana wa Kenya waliokwenda huko kusoma, kufanya kazi au kukimbia mbio.

Mwishoni mwa 2024 wageni wakaao Japani walizidi milioni 3.7, katika nchi yenye watu milioni 124 hivi. Yaani katika kila watu 100, wageni walikuwa kama 3 tu, na wengi wao walitoka China, Vietnam na Korea. Waafrika ni wachache sana miongoni mwao. Kadhalika nchi yenyewe ilikaa zamani imefunga mlango. Katika miaka ya 1630 watawala wa ukoo wa Tokugawa waliwakataza watu wao wasisafiri ng'ambo, na katika 1639 wakawafukuza Wareno. Waholanzi walibakizwa kwa ajili ya biashara, lakini tangu 1641 waliwekwa katika kisiwa kidogo kiitwacho Dejima, bandarini Nagasaki, kisiwa kilichotengenezwa kwa mikono ya watu na kuunganishwa na mji kwa daraja fupi lenye walinzi. Hapo walilishwa na kulindwa, na mara kwa mara walipelekwa mbele ya mtawala kutoa heshima. Hali hiyo iliendelea zaidi ya miaka 200, hata manowari za Marekani zikaja katika 1853 chini ya Matthew Perry. Dejima ilikuwa mahali pa mgeni wa siku mbili, na siku hizo mbili zilidumu karne mbili.

Mgeni afikaye leo haoni daraja wala mlinzi. Aonayo kwanza ni mambo madogo madogo, na kwa kuwa ni madogo, hudhani kwamba hayatamshinda. Mlangoni huvua viatu, jambo ambalo mtu wa Mombasa au Lamu hashangai nalo. Lakini hupewa sapatu za kuvaa ndani. Afikapo kwenye chumba chenye mikeka ya tatami lazima azivue nazo. Na akienda msalani hukuta sapatu nyingine ambazo hazitoki humo. Wageni wengi wamerudi sebuleni na sapatu za msalani miguuni, na wenyeji wakatazama kando ili wasiwaaibishe. Jioni huonyeshwa hodhi la maji ya moto. Mtu asiyejua huingia na sabuni yake, kumbe kila mtu hujisugua na kujisuuza nje kwanza, kisha huingia akiwa safi kupumzisha mwili, kwa maana maji hayo hayo ndiyo ya nyumba nzima. Mezani huambiwa asivisimamishe vijiti vya kulia katika bakuli la wali, kwa kuwa wali hutolewa hivyo kwa ajili ya marehemu. Wala asipokee chakula kutoka vijiti vya mwenzake kwa vijiti vyake, kwa kuwa ndivyo jamaa wanavyopokezana mifupa ya maiti iliyochomwa.

Hata takataka zina sheria zake. Zile za kuchomwa zina siku zake, chupa na makopo siku nyingine, na karatasi siku nyingine. Mfuko uliowekwa siku isiyo yake hauchukuliwi. Huachwa pale pale na karatasi ya onyo imebandikwa juu yake, mtaa mzima uuone.

Hayo yote mtu mwangalifu aweza kujifunza kwa muda wa miezi michache. Jambo lililo gumu zaidi kwa Mwafrika ni ukimya. Kijana aliyelelewa katika kijiji cha Kenya amefundishwa kwamba kumpita mtu njiani bila salamu ni ufidhuli, na kwamba salamu yenyewe ina hatua zake: habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua. Huko Tokyo huingia katika treni yenye watu mia wanaogusana mabega, na hakuna asemaye neno. Hata simu haizungumzwi humo. Akimsalimu jirani yake kwa maneno mengi, jirani huinama, hutabasamu na kwenda zake. Kijana hudhani amechukiwa. Kumbe kwa Wajapani, kumwacha mtu na mambo yake katika mahali penye msongamano ni namna ya kumheshimu. Ukimya huo ni ukuta ambao kila mmoja humjengea mwenziwe, kwa sababu kuta za mbao na karatasi za nyumba za zamani hazikuzuia sauti.

Tena kuna maneno yenyewe. Mgeni huambiwa "hai," naye amefundishwa kwamba maana yake ni "ndiyo." Hueleza shauri lake, na mwenyeji huitikia "hai, hai" mpaka mwisho. Mgeni huondoka akiwa na furaha, na baada ya wiki mbili hugundua kwamba shauri lake halikukubaliwa hata kidogo. Ile "hai" ilikuwa na maana ya "nakusikia." Akiomba ruhusa na kujibiwa "chotto," yaani "kidogo," na maneno yakaishia hapo, basi amekwisha kukataliwa. Katika mji wa Kyoto husimuliwa kwamba mtu akimwambia jirani yake, "Binti yako amekuwa hodari wa kupiga piano," anamwambia kwamba kelele imezidi. Na mgeni akiulizwa kama angependa wali uliomiminiwa chai, ajue kwamba saa ya kuondoka imefika.

Wajapani wana maneno mawili kwa ajili ya mambo haya: honne, ambayo ni nia iliyo moyoni, na tatemae, ambayo ni uso uonyeshwao mbele za watu. Mgeni mwenye hasira huita jambo hili unafiki. Lakini wazee wa pwani wasemao "mwenye macho haambiwi tazama" wangelielewa upesi. Huko Japani huitwa kusoma hewa, na asiyeweza kuisoma huhesabiwa kuwa mtu asiyekomaa. Shida ya mgeni ni kwamba yeye ana macho, lakini hajafundishwa pa kuyaelekeza.

Katika 1960 mtaalamu wa mila za watu aitwaye Kalervo Oberg aliandika juu ya mshtuko huu wa ugeni. Alieleza kwamba husababishwa na wasiwasi wa kupotewa na zile alama ndogo ndogo zinazomwongoza mtu kila siku bila yeye kujua: lini ashike mkono, lini aseme, lini akatae, lini acheke. Kwanza mgeni hupendezwa na kila kitu. Kisha hukasirika, hujitenga na wenyeji, na hukutana na wageni wenzake ili kuwasengenya. Baadaye huanza kuelewa, na mwishowe hutulia. Maelezo hayo ni ya kweli, na mtu aliyekaa Japani miaka miwili huyatambua mara moja. Lakini wako wanaosema kwamba huko Japani kuna hatua moja zaidi, nayo huja baada ya kutulia.

Hatua hiyo ni hii. Mgeni amekwisha kujua sapatu na hodhi na takataka. Amejifunza lugha, asoma hata gazeti. Huenda dukani na kusema neno moja la Kijapani, na muuzaji hustaajabu: "Ah, wajua Kijapani vizuri mno!" Mwaka wa kwanza sifa hiyo humfurahisha. Mwaka wa kumi humchoma, kwa sababu hakuna amsifuye mwenyeji kwa kusema lugha yake. Katika treni iliyojaa, mara nyingi kiti kilicho kando yake hubaki kitupu. Watoto humwonyesha kidole wakisema "gaijin," maana yake mtu wa nje, na akina mama huwanyamazisha kwa haya. Akitafuta nyumba ya kupanga, huenda akaambiwa kwa adabu nyingi kwamba mwenye nyumba hapokei wageni. Uchunguzi wa Wizara ya Sheria ya Japani, uliotangazwa katika 2017, ulionyesha kwamba wageni kama 4 katika kila 10 waliotafuta nyumba katika miaka mitano iliyotangulia walikataliwa kwa sababu ya ugeni wao. Hakuna aliyewatukana wala kuwapiga. Waliinamiwa, wakaombwa radhi, na mlango ukafungwa polepole.

Hapo ndipo moyo wa mtu hujaribiwa. Wengine huwa wachungu, wakakaa miaka mingi katika nchi wasiyoipenda. Wengine hujikana wenyewe, wakainama kuliko wenyeji, wakaona haya kuonekana na watu wa kwao. Methali isemayo, "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho," haimtoshi mtu wa hali hii, maana yeye ajua kwamba hata akilivunja jicho lake ataitwa mtu wa macho mawili.

Hata hivyo, historia yaonyesha kwamba jembe limepata kutolewa. Katika 1579 padre Alessandro Valignano alifika Japani pamoja na mtumishi Mwafrika, ambaye wengi hudhani alitoka pande za Msumbiji. Katika 1581 alipofika Kyoto, watu walisongamana kumtazama hata wengine wakaumia. Mtawala Oda Nobunaga hakuamini kwamba weusi ule ni wa ngozi yenyewe. Akamwamuru avue nguo mpaka kiunoni, akasuguliwa kwa maji. Hakuna mgeni wa leo aliyepata mshtuko kama huo. Lakini Nobunaga alipokwisha kusadiki, alimweka mtu huyo katika utumishi wake, na jina lake likawa Yasuke. Alipewa nyumba na upanga. Katika 1582 Nobunaga aliposalitiwa na jemadari wake Akechi Mitsuhide na kufa katika hekalu la Honno-ji, Yasuke alikuwako, akaenda kupigana upande wa mwana wa bwana wake, hata akakamatwa. Aliyesuguliwa kama kitu cha ajabu, katika muda wa mwaka mmoja na kidogo, alisimama vitani pamoja na wenyeji siku ya msiba wao.

Karne nne baadaye vijana wa Kenya walipewa jembe la namna nyingine, nalo ni ukanda wa kitambaa. Wajapani wana mbio za kupokezana ziitwazo ekiden, zilizoanza katika 1917 kwa mashindano ya kutoka Kyoto hadi Tokyo. Kila mkimbiaji huvaa ukanda begani, huukimbiza umbali wake, kisha humvika mwenzake amngojaye. Ukanda huo hulowa jasho la wote. Mkimbiaji akichelewa mno, mwenzake akaondoshwa bila kuupokea, watu wazima hulia hadharani. Katika 1989 chuo kikuu cha Yamanashi Gakuin kiliwaingiza wanafunzi Wakenya katika mbio mashuhuri za Hakone, na mmoja wao, Joseph Otwori, aliwapita wakimbiaji wengi mbele ya umati ulioshangaa.

Kabla yake, katika 1983, Douglas Wakiihuri, mzaliwa wa Mombasa, alikwenda Japani kufundishwa na mwalimu Nakamura Kiyoshi, mzee mkali aliyewataka wanafunzi wake watii na kutafakari. Wakiihuri alijifunza lugha na mwendo wa maisha ya huko. Nakamura alifariki katika 1985, lakini mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa: katika 1987, mjini Rome, Wakiihuri alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia, na mwaka uliofuata akapata nishani ya fedha katika Olimpiki ya Seoul. Samuel Wanjiru wa Nyahururu aliondoka kwao katika 2002, akiwa kijana wa miaka 15, akaingia shule ya sekondari ya Sendai Ikuei. Katika 2008, mjini Beijing, alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki, kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, katika joto ambalo wengi walidhani litawazuia wote wasikimbie upesi. Yeye mwenyewe alisema kwamba Japani ilimfundisha gaman, yaani uvumilivu. Wanjiru alifariki katika 2011, lakini neno lile limebaki vinywani mwa wakimbiaji. Waswahili nao walikuwa nalo tangu zamani, wasemapo kwamba mvumilivu hula mbivu.

Walakini habari ya ukanda haiishii hapo. Katika mashindano ya ekiden ya shule za sekondari, yafanywayo Kyoto kila Desemba, wanafunzi wa kigeni walikuwa wakikimbia sehemu ya kwanza na kuwaacha wengine mbali sana, hata watazamaji wakalalamika kwamba mbio zimekwisha kabla hazijaanza. Kwa hiyo tangu 2008 mwanafunzi wa kigeni hakuruhusiwa tena kukimbia sehemu hiyo ya kwanza. Kijana amepewa jembe, lakini ameambiwa asiguse tuta la kwanza. Mwenye haki na aseme kama sheria hiyo ni mbaya. Walimu wa Kijapani husema kwamba shule nyingi hazina uwezo wa kuleta mgeni, na watoto wao nao wanataka nafasi ya kuongoza. Mkenya ambaye angeona vijana wake wakishindwa kila mwaka na mgeni mmoja aliyeletwa na shule tajiri, pengine angesema maneno hayo hayo.

Wako pia waliofika mbali zaidi. Oussouby Sacko, mzaliwa wa Mali, aliingia Japani katika 1991 kusomea ujenzi wa majumba. Alikuwa raia wa Japani katika 2002, na tangu 2018 hadi 2022 alikuwa mkuu wa chuo kikuu cha Kyoto Seika, katika mji ule ule ambao Yasuke alisongwa na umati, na ambao majirani husifu piano wakitaka kimya.

Mgeni mwenye subira huja kuona pia mambo ambayo hayakuwa mageni kamwe. Wakati wa Bon, ambao katika sehemu nyingi huadhimishwa mwezi wa Agosti, Wajapani hurudi vijijini kwao kusafisha makaburi na kuwakaribisha wazee waliokufa, na katika nyumba nyingi wali huwekwa mbele ya sanduku dogo la ibada kwa ajili yao. Asafiriye harudi kazini mikono mitupu. Huleta peremende au mikate midogo ya mahali alipokwenda, kila mwenzake apate. Mtoto hufundishwa kumtangulia mzee kwa salamu wala si kwa hatua. Kijana wa Kenya aliyedhani kwamba amekwenda mwisho wa dunia hukuta kwamba bibi yake angeweza kukaa pale, akaelewana na bibi wa Kijapani kwa ishara tu, wote wawili wakilalamika juu ya vijana wasiokuja nyumbani.

Lakini kipimo cha kweli cha mambo haya kiko karibu zaidi. Tangu 1966 vijana wa Kijapani wa kujitolea wamekuwa wakija Kenya kufundisha shuleni na kufanya kazi katika zahanati na mashamba. Mwalimu wa Kijapani afikapo kijijini hushangaa kushikwa mkono na kila mtu, kuulizwa kama ameoa na kwa nini hana watoto, na kuambiwa "nakuja sasa hivi" na mtu ambaye yungali kitandani. Watoto humfuata njiani wakipaza sauti, "Mzungu! Mzungu!" Baada ya mwaka mmoja hujua kununua viazi sokoni kwa Kiswahili safi, na muuzaji hustaajabu, akawaita wenzake waje wasikie. Mwalimu hutabasamu. Huenda moyoni amechoka na sifa hiyo kama vile Mkenya alivyochoka nayo huko Tokyo, lakini yeye ni Mjapani, hatasema.

Basi aendaye Japani na ajifunze lugha kabla ya kulalamika, ajue siku za takataka, ajioshe kabla ya kuingia majini, na akisikia "chotto" asiulize mara ya pili. Asijikane, kwa maana mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na siku moja atarudi kwao. Na abakiye Kenya, mlangoni pake akisimama mwalimu Mjapani aliyekwisha maliza siku zake mbili, asimletee kiti tena. Wakati wa kupanda umefika, na jembe liko nyuma ya mlango.